Somo: Kizimba cha kinyonga kwa mvinje, wavu na makuti

Mimi ni fundi seremala hapa Malindi, upande wa Barani. Mkate wangu ni milango, vitanda na makabati. Vizimba vya kinyonga nilianza kuviunda baada ya mteja mmoja mwenye kibali cha kufuga kunijia na mchoro kwenye kipande cha karatasi, na hadi leo nimemwundia 7.

Cha kwanza nilikikosea. Nilikijenga kama kabati la vyombo: mbao pande tatu, kioo mbele, kitasa kizuri cha shaba. Kila aliyekiona alikisifu. Siku ya pili, saa nne asubuhi, jua la kaskazi limepamba moto, nilimkuta kinyonga amejibana juu kabisa, mdomo wazi, ngozi imepauka kama majani yaliyokauka. Tulimtoa haraka tukamweka kivulini na kumnyunyizia maji kidogo kidogo mpaka rangi ikamrudia. Kioo nilikitoa siku hiyo hiyo. Kinyonga ni mnyama wa mtini. Unachomwundia si sanduku, ni kipande cha mti kilichozungushiwa wavu. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata utazielewa hata kabla sijazieleza.

Kabla ya kununua msumari

Kinyonga wa mwituni si wa kuokota na kuweka ndani. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwa anayefuga mnyama wa porini, na kinyonga wetu pia yumo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo kumvusha mpaka bila karatasi ni kosa. Nenda ofisini kwao uulize kwanza. Mimi siundi kizimba kwa mtu ambaye hajanionyesha kibali, na wateja wawili nimewarudisha.

Vipimo nitakavyotoa ni vya kinyonga wa kwetu pwani, yule wa kijani mwenye vikunjo vya ngozi nyuma ya kichwa kama masikio ya tembo. Wataalamu humwita Chamaeleo dilepis.

Hatua ya 1: Mahali

Chagua mahali kabla ya kukata mbao. Panahitaji jua la asubuhi, tuseme saa moja mpaka saa nne, kisha kivuli. Jua hilo ndilo linalomwezesha kutengeneza vitamini D, na bila hiyo mifupa hulainika na miguu ikapinda. Kioo huzuia sehemu ya mwanga anayoihitaji, hata kama wewe unaona nuru inapita. Angalia pia upepo. Kusi ikianza kuvuma, kizimba kilichoelekea baharini hupigwa mchana kutwa, na kinyonga hushindwa hata kula kwa kung'ang'ania tawi. Kiweke nyuma ya ukuta, au ufunge kuti moja upande wa upepo.

Hatua ya 2: Fremu

Urefu futi 4, upana futi 2, kina futi 2. Usipunguze urefu, maana huyu hupanda, hatambai. Nguzo 4 ziwe za futi 6 ili futi 2 za chini ziwe miguu. Natumia mvinje wa shambani uliokauka vizuri: ni rahisi kupatikana huku, na haunilazimu kugusa mikoko. Unganisha juu na chini kwa vipande 8 vya futi 2. Tumia skurubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Misumari ya kawaida, kwa hewa yetu ya chumvi, hula kutu upesi sana, na kutu hiyo hudondoka anakokunywa maji.

Rangi na vanishi usiweke. Kama ni lazima, paka nje tu na uache fremu juani wiki mbili mpaka harufu iishe kabisa.

Hatua ya 3: Wavu

Hapa ndipo watu wengi huharibu. Waya wa kuku una matundu makubwa: panzi watatoka na nyoka mdogo ataingia. Wavu wa mbu wa nailoni hutobolewa na nyenje usiku mmoja. Waya mtupu wa mabati una ncha kali.

Mguu wa kinyonga umegawanyika kama koleo, vidole viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, na kila kidole kina ukucha mwembamba kama mwiba wa samaki. Kwenye kizimba cha pili nilitumia waya mtupu. Niliona kwa macho yangu ukucha ukinasa kwenye kona ya tundu, akavuta polepole kama afanyavyo kila kitu, hakuweza kurudi nyuma, ukang'oka. Tone la damu lilikuwa dogo kuliko kichwa cha pini. Mguu ule ulivimba siku nyingi.

Kwa hiyo nunua wavu wa waya uliovishwa plastiki, matundu ya nusu sentimita. Pitisha kiganja chako juu yake: ukikukwaruza wewe, utamjeruhi yeye. Ukate uwe mkubwa kidogo kuliko fremu, ncha zote zielekee nje, kisha uzibane kwa papi za mbao. Pande zote nne na juu ziwe wavu. Nusu ya paa ifunike kwa makuti, nusu iache wazi, achague mwenyewe jua au kivuli.

Hatua ya 4: Mlango na sakafu

Mlango uwe mbele, mrefu, wenye bawaba mbili na komeo. Sakafu tengeneza kwa papi zilizoachana kiasi cha kidole, juu yake utandike wavu ule ule, chini uweke beseni la kukinga maji. Mchanga usimwage. Ulimi ukipiga mdudu aliye chini hurudi na mchanga, nao huziba tumbo.

Hatua ya 5: Matawi

Matawi ya mpera ndiyo niyapendayo. Ni magumu, gome halibanduki ovyo. Changanya unene: mengine kama kalamu, mengine kama kidole gumba. Yapange mshazari na mlalo mpaka aweze kuzunguka kizimba chote bila kukanyaga wavu. Kisha weka chungu kimoja au viwili vya haibiskasi, ile yenye maua mekundu uani, majani yawe mazito mahali pa kujificha. Kinyonga asiye na pa kujificha hukosa raha na huacha kula. Mnyaa usiuguse kabisa, utomvu wake huchoma macho.

Hatua ya 6: Maji

Bakuli la maji halioni. Atakufa kwa kiu amesimama juu yake. Yeye hunywa matone yanayotembea juu ya majani, kama umande au mvua. Nyunyizia majani asubuhi na jioni mpaka yatiririke, na juu ya kizimba uning'inize chupa ya plastiki uliyoitoboa kwa sindano, tone lianguke kila baada ya sekunde chache.

Mara ya kwanza nilikaa kumtazama kama dakika ishirini. Jicho moja alinielekezea mimi, la pili likafuata tone likiteleza kwenye mshipa wa jani. Akasogea, akalisubiri lile la nyuma yake, akalipokea kwa ncha ya mdomo. Koo likaanza kupanda na kushuka. Mpe muda huo, usinyunyize na kuondoka.

Maji ya visima vyetu mengi yana chumvi, yaache. Tumia ya mvua, au ya mfereji uliyoyalaza usiku kucha kwenye ndoo wazi. Tazama mavi yake: ile sehemu ngumu ya mkojo ikiwa nyeupe, yuko sawa, ikiwa ya njano iliyokolea, ana kiu.

Hatua ya 7: Miguu ya kizimba

Kila mguu uingize kwenye mkebe wenye maji na mafuta kidogo ya kupikia juu, kama mama zetu walivyofanya na kabati la chakula. Maji huzuia sisimizi, mafuta huzuia mbu wasizaliane. Hakikisha hakuna tawi la mwembe linalogusa kizimba. Wale sisimizi wekundu wakali wa mwembe, tunaowaita maji moto, wakipata daraja usiku, asubuhi hutakuta kinyonga.

Maswali niliyoulizwa

*Nipo Lamu, nyumba ya mawe. Kibali ninacho. Kiwanda chetu, yaani ua wa ndani, kinapata jua kama saa mbili tu, na paka hawahesabiki. Itafaa?*

Saa mbili za jua la moja kwa moja zinatosha, mradi ni kila siku. Kiwanda kina faida kubwa, upepo haumfikii. Paka ndio shida. Hata asipoingia, akikaa chini kumtazama, kinyonga hatakula. Zungushia wavu wa pili wa nje, nafasi ya futi moja baina yake, na miguu ya kizimba iongeze iwe futi 3.

*Shikamoo fundi. Naweza kuweka dume na jike pamoja wasichoke upweke?*

Marahaba mwanangu. Hapana. Kinyonga huishi peke yake, na mwenzake humwona kama adui. Hata vizimba viwili visionane, weka kuti katikati.

*Nimemkuta mmoja akivuka barabara Gede, karibu akanyagwe na bodaboda. Nimemleta nyumbani. Naanza na hatua gani?*

Umemwokoa, hilo ni jema. Sasa mrudishe leo hii, upande aliokuwa anaelekea, umpandishe kichakani mbali na lami. Kama ameumia, wapigie KWS. Ukipenda kuwaona kila siku, panda vichaka uani na uache kupuliza dawa ya wadudu. Kwangu wamekuja wawili wenyewe, na hawana kizimba.

*Mama mkwe anasema ana sumu na nuksi, hataki kumwona. Nifanyeje?*

Sumu hana, hata akiuma ni kama kubanwa na kibanio cha nguo. La nuksi usibishane naye mzee. Wengi wetu tulilelewa tukimwogopa. Mweke mbali na mlango anaopitia mama, na siku moja umwite amwone akimpiga panzi kwa ulimi. Wa kwetu alicheka.

*Chakula nikipate wapi, na dawa ya kuimarisha mifupa yake?*

Panzi wa majanini, nyenje, nzi. Mende wa jikoni usimpe, huenda amekula sumu ya jirani. Kwa mifupa, ufuoni utaokota ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, yule jamaa wa ngisi. Uloweke siku tatu ukibadilisha maji, uanike, uusage uwe unga laini kabisa, umpake mdudu kabla ya kumtoa. Sehemu yake kubwa ni chokaa.

*Jike langu tumbo limejaa, ameshuka chini tangu jana na anakwaruza sakafu. Amechoka kizimba?*

Anatafuta pa kutagia, bibie, tena usikawie. Akikosa udongo atayazuia mayai ndani na yatamuua. Chukua ndoo pana, ijaze mchanga uliochanganywa na udongo, kina kisipungue sentimita 25, unyevu wa kiasi cha kushikana mkononi bila kutoa maji. Iweke ndani ya kizimba leo, funika pande tatu kwa kanga, na watoto wasimchungulie. Akiona anatazamwa huacha kuchimba na kuanza upya. Akishamaliza, atafukia mwenyewe na kupanda juu amekonda. Mnyweshe kwa muda mrefu siku hiyo.