Jinsi ya kuomba hadhi ya FHEA kwa wanaofundisha vyuo vikuu Uingereza

Matangazo mengi ya kazi za uhadhiri Uingereza humtaka mwombaji awe na FHEA (Fellow of the Higher Education Academy), yaani hadhi ya kitaaluma ya ufundishaji wa elimu ya juu, au aahidi kuipata baada ya kuajiriwa. Hadhi hii hutolewa na Advance HE, taasisi iliyozaliwa mwaka 2018 baada ya mashirika matatu kuungana, mojawapo likiwa Higher Education Academy. Herufi HEA zinatoka huko. Mhadhiri kutoka Afrika Mashariki anayefundisha huko anaweza kuomba, na vilevile mwanafunzi wa uzamivu anayeendesha semina. Hata aliye Dodoma au Nairobi anaruhusiwa, mradi anafundisha elimu ya juu.

Chagua ngazi kwa kazi unayofanya sasa

Ngazi ni nne, kuanzia ya chini: AFHEA (Associate Fellow), FHEA (Fellow), SFHEA (Senior Fellow) na PFHEA (Principal Fellow). Zote hupimwa kwa mfumo wa viwango uitwao PSF (Professional Standards Framework), na toleo linalotumika ni la mwaka 2023. Mfumo huo una vipengele 15: maadili matano (V1–V5), maarifa matano (K1–K5) na shughuli tano (A1–A5). Shughuli hizo ni kupanga na kubuni ujifunzaji, kufundisha, kupima na kutoa mrejesho, kuwasaidia na kuwaongoza wanafunzi, na kujiendeleza kitaaluma.

FHEA hudai vipengele vyote 15. AFHEA hudai shughuli mbili au zaidi, pamoja na V1 (kumheshimu kila mwanafunzi na makundi mbalimbali), V3 (kutumia utafiti na ushahidi), K1 (jinsi wanafunzi wanavyojifunza), K2 (mbinu za kufundisha) na K3 (kutathmini ufundishaji wako kwa kina). Kwa hiyo msaidizi anayeendesha semina na kusahihisha ripoti za maabara, lakini hana nafasi ya kuwashauri wanafunzi nje ya kipindi, aombe AFHEA bila kuona haya. Hata hivyo, usijiengue mapema kwa sababu hujawahi kutunga kozi nzima. Kuandaa kipindi kimoja cha semina, ukaamua kitakachofanyika na sababu yake, ni A1 halali. Nayo SFHEA haitolewi kwa wingi wa miaka kazini. Inamtaka mtu aonyeshe jinsi alivyoongoza au kubadilisha ufundishaji wa wenzake, na mhadhiri wa miaka 20 asiye na ushahidi huo hataipata.

Uliza chuoni kwako kabla ya kulipa

Njia ni mbili. Vyuo vikuu vingi Uingereza vina programu iliyoidhinishwa na Advance HE, na mara nyingi wafanyakazi hawalipii. Ukikosa hiyo, unaomba moja kwa moja Advance HE kwa ada, ambayo hutofautiana kulingana na kama chuo chako ni mwanachama. Anzia kitengo cha kuendeleza ufundishaji chuoni: waulize vikao vya tathmini ni lini, nani atakuwa mlezi wako, na wanatumia fomu ipi. Programu ya chuo inaweza kuwa na idadi yake ya maneno, au ikakubali mahojiano ya mdomo, kwa hiyo usijaze fomu uliyopewa na rafiki wa chuo kingine.

Kusanya ushahidi kwanza

Chora jedwali la mistari 15, mstari mmoja kwa kila kipengele, na mbele ya kila mmoja andika tukio moja la kweli la miaka mitatu iliyopita. Pekua tathmini za wanafunzi, maelezo ya mwenzako aliyekuja kukaa darasani mwako, matokeo ya mitihani kabla na baada ya kubadilisha jambo, na maoni ya mtahini wa nje. Kwa kawaida nyaraka hizi haziambatishwi; unazitaja ndani ya maandishi, majina ya wanafunzi yakiwa yameondolewa. Mistari inayobaki tupu mara nyingi ni V4, inayohusu mazingira mapana ya elimu ya juu, na K5, inayohusu uhakiki wa ubora. Kwa K5, fikiria jinsi ulivyosahihisha kwa pamoja na wenzako ili alama zilingane, au jinsi maoni ya mtahini wa nje yalivyobadilisha swali lako.

Ikiwa ulifundisha nyumbani ndani ya miaka hiyo mitatu, itumie kazi hiyo. Eleza tu mazingira yake: ukubwa wa darasa, vifaa vilivyokuwapo, lugha ambayo wanafunzi walisomea sekondari. Mtathmini hawezi kuyakisia.

Kuandika

Ombi la FHEA la moja kwa moja huwa na maneno 3,000 hivi, na hapa ndipo wengi huangukia. Wanaorodhesha majukumu. Tazama sentensi hii: "Ninafundisha takwimu kwa wanafunzi 80 wa uuguzi, na ninatumia mbinu shirikishi." Haithibitishi chochote. Sasa linganisha (V2 ni usawa wa fursa kwa wanafunzi wote, K4 ni matumizi ya teknolojia na nyenzo za kujifunzia):

"Wiki ya tatu niligundua kuwa wanafunzi wanakokotoa wastani vizuri lakini hawajui wautumie lini. Niliacha kuanza na kanuni, nikaanza na chati ya shinikizo la damu ya wodi moja, wakibishana wawili wawili kabla ya kukokotoa (A2, K1). Nilituma chati siku mbili kabla, kwa sababu wenye matatizo ya kusoma walihitaji muda (V1, V2). Kwenye jaribio la wiki ya sita, wengi walieleza sababu ya kuchagua kipimo chao. Walioshindwa ni wale waliokosa semina, hivyo muhula uliofuata niliongeza zoezi la mtandaoni (K3, K4)."

Tatizo, uamuzi, sababu yake, matokeo, kisha hatua iliyofuata: mtathmini anatafuta mfuatano huo. PSF ya 2023 inasisitiza ufundishaji wenye tija na jumuishi, kwa hiyo aya isiyo na matokeo ni pungufu hata ikiwa imeandikwa kwa ufasaha. Alama za vipengele zikae pale tu penye ushahidi, maana kuzitupia kila sentensi kunadhoofisha ombi. Nadharia nayo iwe ile iliyokuongoza kweli. Marejeo mawili uliyoyafanyia kazi yanafaa kuliko kumi yaliyobandikwa.

Jambo moja linawagusa wengi wetu. Tumelelewa kuona kujitaja ni majivuno, tunaandika "tulibuni", "tulibadilisha". Mtathmini hawezi kukupa sifa ya kazi ya kundi. Andika "nilibuni", kisha useme mwenzako alichangia nini. Ushirikiano huo ni V5.

Wadhamini

Unahitaji matamko ya wadhamini wawili wanaoujua ufundishaji wako kwa karibu. Ikiwezekana, mmoja awe na FHEA au zaidi na awe amekuona ukifundisha. Asiwe mwanafunzi wako. Wape rasimu na muhtasari wa PSF mwezi mmoja kabla, kwa sababu wasipopewa huandika barua ya kusifia tabia, kama ya kuombea kazi, na barua hiyo haithibitishi kipengele hata kimoja.

Baada ya kuwasilisha

Jibu huwa ama umepewa hadhi, ama ombi limerudishwa likiwa na maelezo ya vipengele vilivyopungua. Likirudishwa, usiandike upya yote. Rekebisha vilivyotajwa, uwasilishe ndani ya muda uliopewa. Ukishapata, hadhi ni yako binafsi na unahama nayo ukibadilisha chuo, kwa hiyo hifadhi nakala ya cheti mahali pasipotegemea baruapepe ya kazini. Waliopewa chini ya toleo la PSF la mwaka 2011 hawahitaji kuomba tena.