Kumsimamisha babu Kalenga: namna ya kuunganisha picha ya zamani na ya leo

Kazi yangu hapa Iringa mjini ni picha za pasipoti na harusi, ila mwezi Juni ukikaribia huwa wanakuja na wenye maombi mengine. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilirudishwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954, na kumbukumbu hiyo inawafanya watu wafukue masanduku, waniletee picha za babu zao niziunganishe na za leo. Wengi wanataka babu aelee mawinguni kama kalenda ya kanisani. Mimi nawaambia babu asimame ardhini, tena kwenye ardhi yake.

Anza kwa kuichunguza picha ya zamani. Enzi za Mjerumani, mwenye bunduki ndiye aliyekuwa na kamera, kwa hiyo katikati utamkuta afisa, na mtu wetu kasogezwa pembeni. Hapo una uamuzi wa kufanya: nani abaki, nani akatwe. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ina picha nyingi za wakati huo mtandaoni; soma masharti ya matumizi, kisha pakua faili kubwa kuliko yote. Ya familia iskani kwa nukta 600 kwa inchi. Ukiipiga kwa simu chini ya taa, itang'aa katikati na hutaiponya.

Sasa nenda eneo lenyewe na nakala iliyochapishwa mkononi. Usiende Machi, mahindi yatakuziba kila kitu. Tafuta vitu viwili ambavyo havijahama, kimoja cha karibu na kingine cha mbali, tuseme kona ya jengo na mgongo wa kilima. Tazama kwenye nakala vinavyopishana. Sogea kushoto au kulia mpaka vipishane vilevile, halafu songa mbele au rudi nyuma mpaka ukubwa wao ulingane. Zumu haikusaidii hapa: inakata ukingo wa picha tu, haibadilishi mpishano. Angalia pia vivuli. Kama vya zamani vimelala kulia, subiri saa ambayo vya leo navyo vitalala kulia.

Kama una picha ya mtu tu, bila mandhari, piga eneo lililo tambarare huku kamera ikiwa usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Mstari ambapo ardhi inakutana na mbingu utapita kwenye macho yake, awe karibu au awe mbali. Kwa hiyo mkuze au mpunguze utakavyo, ila macho yabaki kwenye mstari huo na nyayo ziguse udongo. Hili wengi hawalijui, ndiyo maana wazee wao wanaonekana majitu au watoto.

Kwenye kompyuta (programu ya kuhariri picha ya GIMP ni ya bure) weka picha ya leo chini na ya zamani juu, modi ya Multiply (ya juu inaitia giza ya chini, nyeupe yake inapotea), ukolevu asilimia 40 hivi. Futa kingo kwa brashi laini. Chora kivuli chini ya miguu, kikolee zaidi kisiginoni. Rangi za leo mimi siziondoi. Mtu wa kijivu kwenye shamba la kijani anajieleza mwenyewe.

Kuhusu mateso: sibandiki damu wala kamba, na fuvu lililo kwenye kioo pale makumbusho siligusi kabisa. Kwa mashujaa wa Majimaji walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906, ningefuta watu wote nikabakiza vivuli vyao tu kwenye nyasi za leo. Mtazamaji atawatafuta wenyewe.

Kabla ya kuitoa, ipeleke kwa wazee. Ingia na "kamwene", salamu ya Kihehe, kaa, usianze kufungua simu mlangoni. Wakikataa, imekufa hiyo. Wakikubali, andika chini ya picha "Picha ya kuunganishwa", pamoja na mwaka wa kila moja, maana ikishaingia makundi ya WhatsApp bila maelezo, kesho itaitwa picha halisi ya 1898.

Na hifadhi faili lenye leya zake zote, yaani kila picha kwenye tabaka lake, usibaki na JPEG peke yake. Ukoo ukikutana, lazima atatokea shangazi atakayedai babu asogezwe mbali zaidi na yule afisa.