Jinsi ya kubadilisha pedi za hedifoni bila kuua bezi

Wakuu, hedifoni nyingi ninazoletewa eti zimeisha sauti, ukizifungua draiva (kile kispika kidogo cha ndani) ni nzima, waya mzima, kilichokufa ni pedi. Leza, yani ile ngozi ya bandia, imebanduka inakuachia vigamba vyeusi masikioni na kwenye kola ya shati, sponji imelala imekuwa chapati, sikio linagusa plastiki ya ndani, na bezi imeshakimbia kitambo. Ukiwa Dar, Tanga au Mombasa ishu hii inakuwahi kuliko mtu wa Arusha, mana ile leza ni kitambaa kilichopakwa plastiki ya PU, na PU inavunjwa na joto na unyevu wa hewa, jasho na mafuta ya nywele yanakuja kumalizia tu. Hata ukiiacha kabatini huivai, ipo siku utaitoa inabanduka.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ndogo. Shida ni kwamba watu wanachukulia pedi ni mto wa kupumzishia sikio basi. Sio hivyo. Pedi ndo inaamua sikio linakaa umbali gani na draiva, hewa kiasi gani inafungiwa pale katikati na kiasi gani inavuja nje, yani ukibadilisha pedi umebadilisha hedifoni. Ndo mana mtu ananunua pedi nene laini nzuri, anavaa, anashangaa wimbo umekuwa mwembamba, anaanza kulaumu simu.

Ntatumia Sony MDR-7506 kama mfano mkuu mana imetoka tangu 1991, bado inauzwa, ipo studio nyingi na vituo vya redio, na pedi zake zinajulikana kwa kubanduka. Nyingine ntazigusa njiani.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla hujavua chochote

Hapa wengi wanaruka. Chagua nyimbo tatu nne unazozijua vizuri kabisa: moja ya amapiano yenye logi dramu (ule mdundo wake mzito wa chini) ya kueleweka kwa ajili ya bezi, moja ya rumba yenye sebene ili usikie magita yamekaa kushoto au kulia, na moja ya taarabu au bongo fleva ambayo sauti ya mwimbaji iko mbele, hapo unasikiliza zile "s" na "sh" kama zinachoma. Alama ya volyumu uliyotumia iandike mahali.

Alafu fanya jaribio la viganja. Wimbo wenye bezi ukiwa unapiga, bonyeza vikombe vyote viwili taratibu kuelekea kichwani, usikandamize. Bezi ikipanda ghafla maana yake pedi zinavujisha hewa, bezi unayo ila inatokea pembeni. Fanya ukiwa umevaa miwani yako, au mtandio wako, au na rasta zako kama unavyovaa siku zote, mana mkono wa miwani na kitambaa vinafungua njia ya hewa na hiyo ndo hali halisi utakayosikilizia.

Hatua ya 2: Jua pedi yako inashikiliwa na nini

Ziko namna tatu kubwa. Ya kwanza pedi ina mdomo wa leza nyuma yake, ule mdomo unavishwa kuzunguka ukingo wa kikombe na kuingia kwenye mfereji. MDR-7506 iko hivi, Audio-Technica ATH-M50x iko hivi, Beyerdynamic DT 770 Pro pia. Ya pili pedi imekaa juu ya fremu ya plastiki yenye vijino vinavyobana, kama Sennheiser HD 600 na HD 650 au Sony WH-1000XM4. Ya tatu ni gundi tupu, hizi utakutana nazo kwenye hedifoni za bei ya chini.

Usikisie. Sogeza ukingo wa pedi kidogo kwa ukucha uangalie na tochi ya simu: ukiona leza inavutika na kuendelea kuingia kwenye mfereji ni mdomo, ukiona plastiki ngumu ni vijino, ukiona utando unaonata ni gundi.

Hatua ya 3: Kuchagua, na hapa ndo penyewe

Kwanza amua, unataka sauti irudi ilivyokuwa au unataka ibadilike? Kama unataka irudi, nunua pedi ya kampuni yenyewe au ya mtu mwingine yenye material ileile, unene uleule na tundu la sikio lenye ukubwa uleule. Ukikosea kimoja kati ya hivyo vitatu sauti haitarudi sawa, itakuwa nyingine, inaweza kuwa nzuri pia ila ujue umeshahama.

Leza ya PU inaziba vizuri, bezi inakaa, kelele za nje zinapungua, ila sikio linatokwa jasho na baada ya muda ni yaleyale ya vigamba. Ngozi halisi ya kondoo inaziba vizuri na inadumu kuliko PU, bei yake ndo inauma. Mahameli ni raha kwenye joto letu, haikuchomi masikio, lakini inapitisha hewa, kwahiyo bezi ya chini kabisa inapungua kiasi na mtu wa pembeni ataanza kusikia unachosikiliza. Kwa mtu anayerekodi sauti hilo ni tatizo mana mdundo unavuja kutoka kwenye hedifoni unaingia kwenye maiki. Kwenye MDR-7506 watu wanaopenda mahameli wanaweka pedi za Beyerdynamic za DT 250, zinaingia bila shida, na kwa mtu anayekaa masaa anaedit mimi naona ni chaguo zuri. Kwa chumba cha kurekodia nabaki na leza.

Unene nao. Pedi nene inasogeza draiva mbali na sikio, sauti inapanuka, inapata nafasi, ila bezi mara nyingi inalegea. Kwenye ATH-M50x wengi wanaweka pedi za Brainwavz za HM5, ni nene na zina nafasi zaidi ndani, masikio makubwa yanakaa kwa amani. Ila kitu ambacho muuzaji hatakwambia, pedi nene inalazimisha upinde wa kichwani ufunguke zaidi, na ukifunguka zaidi unabana zaidi, kwahiyo mwenye kichwa kikubwa anaweza kununua pedi nene kwa ajili ya raha akaishia kubanwa mataya.

Saizi pima kwa rula, pima bamba la kikombe penyewe, usipime pedi iliyochakaa mana imeshavutika. Leza ikipungukiwa milimita chache inavutika na kuingia, mahameli haikubali sana. Kama dukani Kariakoo au Luthuli ya Nairobi wanakuwekea mezani pedi "inayoingia hedifoni zote", toa hedifoni yako kwenye begi uijaribu palepale, hakuna pedi ya hivyo.

Na kama hedifoni yako ni ya kukata kelele, aina ya XM4, mimi nakushauri usicheze kabisa na unene wala material. Zile zina maiki ndani ya kikombe na mahesabu yake yamefanywa kwa pedi za mwanzo, ukiweka tofauti kukata kelele kunadhoofika. Kwenye XM4 kikombe cha kushoto kina sensa inayojua umevaa au umevua, pedi au kitambaa chake kikifunika hapo utashangaa muziki unasimama wenyewe.

Hatua ya 4: Kuvua

Kaa mezani, tandika kitambaa cheupe, mana vigamba vyeusi vitamwagika na kwenye cheupe unaona kama kuna kitu cha maana kimedondoka.

Za mdomo: shika pedi upande mmoja, ivute kwa nje kidogo ili mdomo utoke kwenye mfereji, ukishatoka sehemu moja zunguka nao taratibu. Usivute moja kwa moja kwenda juu, leza iliyooza inakatika na mabaki yanabaki mferejini, utayatoa na kijiti cha meno.

Za vijino: tumia piki ya gitaa au kadi ya benki iliyoisha muda, ingiza kati ya fremu na kikombe, nyanyua kidogo, usogee, nyanyua tena. Utasikia "tak" kila kijino kikiachia. Bisibisi ya chuma weka mbali kabisa, inachana plastiki, na draiva ina sumaku, ikivuta hiyo ncha ikagusa utando umemaliza kazi.

Za gundi: pasha ukingo na mashine ya kukaushia nywele kwenye moto mdogo, sio hita ya kubandulia vioo vya simu, alafu bandua polepole.

Hatua ya 5: Kusafisha

Geuza kikombe kitazame chini, pukuta kwa brashi laini. Usipulize kwa mdomo, unapeleka mate na vumbi kwenye draiva. Kwenye MDR-7506 kuna kipande chembamba cha sponji kimekaa juu ya draiva, cheki kama kinabomoka ukikigusa, nacho kinaoza kama pedi. Usikitupe ukaacha wazi, kinatuliza zile sauti kali za juu, kata kingine cha sponji nyembamba ileile yenye matundu wazi uweke. Mabaki ya gundi kwenye plastiki yafute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, ila spiriti isiguse draiva wala pedi mpya.

Hatua ya 6: Kuvisha

Angalia kwanza pedi inaelekea wapi. Kama upande mmoja ni mnene kuliko mwingine, mnene unakaa nyuma ya sikio. Kama kitambaa cha ndani kina herufi L na R zifuate. Mshono uweke chini au nyuma.

Pindua mdomo wa pedi nje kidogo, uingize kwenye mfereji upande wa chini wa kikombe, ushikilie kwa dole gumba la mkono mmoja, na mkono mwingine uwe unavuta na kuchomeka, kushoto kidogo, kulia kidogo, mpaka pande zikutane juu. Hii robo ya mwisho ndo inatoa watu machozi. Usiivute kwa nguvu mana mdomo unachanika kwenye mshono, chukua kadi yako, ichomeke chini ya mdomo, telezesha kadi kufuata ukingo huku unasukuma leza iingie nyuma yake, inaingia yenyewe. Ikiwa ngumu sana iache pedi juani dakika chache ilainike urudi. Ukimaliza pitisha ukucha mfereji mzima, sehemu iliyokunjamana au iliyobaki nje ndo hewa itapita hapo, na utasikia upande mmoja una bezi mwingine hauna.

Za vijino ni kupanga na kubonyeza kuzunguka mpaka zimelia zote.

Hatua ya 7: Sikiliza tena

Nyimbo zilezile, volyumu ileile, jaribio la viganja lilelile. Cheza na sauti ya mono, yani pande zote mbili zinapiga kitu kilekile, uone mwimbaji yuko katikati, akiegemea upande mmoja rudi ukakague pedi ya upande aliouhama. Usihukumu bezi siku hiyohiyo, sponji mpya ni ngumu, ikishapata joto la kichwa na kukaa siku kadhaa inaziba vizuri zaidi.

Kama sauti za juu zinachoma kuliko mwanzo, ongeza kipande chembamba cha sponji ndani. Kama bezi imepungua kidogo tu na pedi haivuji, ipandishe kwenye ikwalaiza (sehemu ya kupandisha na kushusha bezi na sauti za juu), kwenye Android kuna app ya Wavelet inafanya kazi nzuri. Ila ile AutoEq yake, yani marekebisho yaliyopangwa tayari kwa kila hedifoni, imepimwa hedifoni zikiwa na pedi zake za mwanzo, kwahiyo ukishabadilisha pedi usiiamini kibubusa, rekebisha kwa sikio. Na kama pedi inavuja, ikwalaiza haitakusaidia, unaikamua draiva bure.

Pedi mpya zifute jasho kwa kitambaa chenye unyevu kila ukimaliza, za mahameli unaweza kuzivua ukazifua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo zikauke kivulini. Zile za zamani kama hazijabanduka weka kwenye mfuko na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, kuna siku utataka kusikia tofauti au utaiuza hedifoni na mnunuzi atataka pedi zake.