Pipu katika biashara ya fedha za kigeni: maana yake na namna ya kuihesabu

Mtu akikuambia kwamba leo amevuna pipu mia moja, bado hajakuambia lolote kuhusu mfuko wake. Kwa kiasi fulani cha biashara, pipu hizo ni dola 1,000. Kwa kiasi kingine, mwendo uleule wa bei unamwachia dola 10, ambazo pengine hazirudishi hata gharama ya vifurushi vya intaneti alivyotumia wiki nzima. Pipu hupima umbali ambao bei imetembea, na kazi ya kuugeuza umbali huo kuwa fedha hubaki kwa mfanyabiashara mwenyewe, ambaye hana budi kuimaliza kabla hajafungua biashara.

Tuanze na bei yenyewe. Sarafu hutajwa kwa jozi, ya kwanza ikiwa ndiyo bidhaa na ya pili ikiwa ndiyo fedha inayolipia bidhaa hiyo. Ukiona EUR/USD imeandikwa 1.0850, maana yake ni kwamba yuro moja inapatikana kwa dola 1.0850. Katika jozi nyingi, pipu moja ni badiliko la 1 katika tarakimu ya nne baada ya nukta, yaani 0.0001. Kwa hiyo bei ikipanda kutoka 1.0850 hadi 1.0875, imesogea pipu 25. Asiyependa kuhesabu tarakimu kwa kidole atoe bei ndogo katika bei kubwa, kisha azidishe jibu kwa 10,000.

Jozi zinazoishia na yeni ya Japani zina utaratibu wake. Kwa kuwa dola moja hununua yeni nyingi, bei huandikwa kwa tarakimu mbili tu baada ya nukta, na pipu moja ni 0.01. USD/JPY ikishuka kutoka 150.20 hadi 149.85, imeshuka pipu 35, na hapa tofauti huzidishwa kwa 100.

Linalowachanganya wengi ni kwamba siku hizi madalali huongeza tarakimu moja zaidi mwishoni, hivyo utaona 1.08503 mahali pa 1.0850, au 150.204 mahali pa 150.20. Tarakimu hiyo ya ziada, ambayo mara nyingi huonekana ndogo kuliko wenzake kwenye skrini, ni sehemu ya kumi ya pipu. MetaTrader, programu ambayo wengi hufanyia biashara hii, huiita pointi, na kwa dalali wa namna hii pointi 10 hufanya pipu moja. Kosa la kuchanganya pointi na pipu nalijua kwa karibu. Nilipokuwa bado kwenye akaunti ya majaribio, niliandika 20 katika kisanduku cha kikomo cha hasara, yaani mahali ambapo biashara hujifunga yenyewe ili hasara isizidi, nikidhani nimejipa nafasi ya pipu 20, kumbe nilikuwa nimejipa pipu 2. Biashara ilifungwa kabla chai yangu haijapoa, na nilitumia siku mbili nikiulaumu mtandao. Usalama ni kuandika bei kamili unayotaka biashara ifungwe, badala ya kutegemea kisanduku kinachohesabu kwa kipimo usichokijua.

Sasa tuingie kwenye thamani. Biashara hupimwa kwa loti: loti kamili ni vipande 100,000 vya sarafu ya kwanza, loti ya 0.10 ni vipande 10,000, na loti ya 0.01 ni vipande 1,000. Zidisha ukubwa wa pipu kwa idadi ya vipande, nawe utapata thamani ya pipu moja katika sarafu ya pili ya jozi. Kwa EUR/USD, 0.0001 mara 100,000 ni dola 10. Kwa loti ya 0.10 ni dola 1, na kwa loti ya 0.01 ni senti 10 za dola. Kwa USD/JPY, 0.01 mara 100,000 ni yeni 1,000, na ikiwa akaunti yako ni ya dola utazigawanya kwa bei ya wakati huo. Bei ikiwa 150.00, kila pipu ni takribani dola 6.67. Kumbuka kwamba kiwango hiki hubadilika kadiri bei ya yeni inavyobadilika, ilhali kile cha EUR/USD kwenye akaunti ya dola hubaki palepale.

Matumizi ya kwanza utakayokutana nayo ni gharama. Aliyewahi kusimama mbele ya ubao wa duka la kubadilisha fedha Kariakoo au Mombasa anajua kwamba kuna safu mbili, ya kununua na ya kuuza, na kwamba pengo kati yake ndilo riziki ya mwenye duka. Pale dukani pengo hutajwa kwa shilingi na senti. Kwa dalali wa mtandaoni hutajwa kwa pipu. Bei unayouzia wewe ikiwa 1.0850 na unayonunulia ikiwa 1.0852, pengo ni pipu 2, na ndiyo maana ukinunua tu akaunti huonyesha hasara kabla soko halijasogea.

Matumizi ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sababu hasa ya kujifunza neno hili, ni kupanga ukubwa wa biashara. Tuseme una dola 400 na hutaki kupoteza zaidi ya asilimia 2, yaani dola 8. Chati inakuonyesha kwamba kikomo cha hasara kinafaa kukaa pipu 32 kutoka unapoingia. Gawanya 8 kwa 32, upate senti 25 kwa kila pipu. Kwa EUR/USD hiyo ni loti 0.025. Madalali wengi hawapokei kiasi hicho, hivyo shusha hadi 0.02, na hasara yako ikitokea itakuwa dola 6.40. Wanaoanza hugeuza mpangilio huu: huchagua loti kwanza, kisha husogeza kikomo karibu ili hesabu ikubali, na soko huwatoa kwa mtikisiko wa kawaida.

Hata hivyo kikomo cha pipu 32 si ukuta. Tarehe 15 Januari 2015, Benki Kuu ya Uswisi iliacha kuilinda bei ya faranga 1.20 kwa yuro moja, na katika dakika chache bei ilianguka chini ya 1.00, zaidi ya pipu 2,000. Waliokuwa wamenunua yuro na kuweka kikomo karibu walifungiwa biashara mbali kabisa na bei waliyoiandika, kwa sababu katikati hapakuwa na wa kununua kwao.

Kwa dhahabu, madalali hawajakubaliana: kwa mmoja pipu ni dola 0.01, kwa mwingine ni 0.10. Mtu akikutangazia pipu 50 za dhahabu, huenda anazungumzia senti 50 au dola 5, kwa hiyo muulize bei yenyewe imetoka ngapi ikafika ngapi.