Kuogelea mapangoni Paje na Jambiani: saa za kwenda, namna ya kuingia majini na makosa ya kuepuka

Kabla ya kupanga siku ya pango kusini mashariki mwa Unguja, angalia mwezi. Siku za bamvua, zile zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ya Paje na Jambiani hupwa sana asubuhi, kwenye saa nne hivi, kisha hujaa alasiri kwenye saa kumi. Asubuhi hiyo pwani ni mchanga mtupu, mashamba ya mwani na watu wanaochokoa pweza, na atakaye kuogelea atatembea mbali sana. Huo ndio wakati wa pango. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: bahari huwa imejaa asubuhi, basi oga baharini kwanza, pango liache la mchana. Mwanga wa jua huingia vizuri zaidi kati ya saa tano na saa nane, jua likiwa utosini.

Mapango mawili ya kuogelea yanayojulikana zaidi upande huu ni Kuza, Jambiani, na Maalum, upande wa Paje. Yote mawili yana wasimamizi na kiingilio. Wasiliana nao siku moja kabla, uulize bei ya mwenyeji na ya mgeni, na kama idadi ya waogeleaji huwekewa kikomo. Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, ni habari nyingine: hapo wanaakiolojia wamechimba na kupata dalili za watu wa miaka kama 20,000 iliyopita, pamoja na mifupa ya pundamilia, maana bahari ilikuwa chini sana na Unguja ilikuwa imeungana na bara. Nenda kwa historia hiyo, nguo za kuogea ziache.

Maji ya mapango haya yanatoka wapi? Ardhi ya uwandani ni jiwe la matumbawe ya kale lenye udongo mchache juu yake. Mvua ikinyesha haitengenezi mto. Hupenya kwenye nyufa, na kwa kuwa imechukua hewa ya ukaa udongoni, huwa na ukali kidogo unaoyeyusha chokaa. Kwa maelfu ya miaka nyufa hupanuka zikawa vyumba. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hukaa juu ya maji ya chumvi yanayopenya kutoka baharini, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Paa la pango likiporomoka, unaona maji yaleyale ambayo visima vya vijiji huyafikia kwa kuchimbwa. Kwa hiyo kila unachokiingiza humo unakiingiza kisimani mwa watu.

Ndiyo maana kuoga kabla ya kuingia si jambo la hiari. Mafuta ya kujikinga na jua, losheni, manukato na dawa ya mbu huachia utando juu ya maji, na humo hamna mawimbi ya kuuchukua. Oga kwa maji mengi, sugua mabega, shingo na miguu, suuza na nywele. Usipake mafuta asubuhi ya siku hiyo kabisa. Vaa fulana ya mikono mirefu njiani, upake ukishatoka. Sabuni isitumike ndani ya pango, na usikojoe majini hata kidogo.

Chukua viatu vya mpira vinavyobana mguu, kwa sababu ndara huteleza na kutoka mguuni. Beba pia tochi, miwani ya kuogelea, taulo, kanga au kikoi cha kujifunika unapopita kijijini, na maji yako ya kunywa, lita moja na nusu kwa kila mtu. Maji ya pangoni usiyanywe, hata yakiwa maangavu kama kioo.

Unaposhuka, tazamana na ngazi, shika kamba au ukingo, mtu mmoja mmoja. Ukifika chini simama dakika mbili tatu mpaka macho yazoee giza. Wengi huanguka kwa kuharakisha hapo. Ingia kwa miguu, polepole.

Hatari kubwa ni kina. Maji maangavu hudanganya: mita 4 huonekana kama mita 3. Asiyejua kuogelea huona miamba ya chini akadhani atasimama, akipiga hatua moja anazama. Avae jaketi la kuokolea tangu nchi kavu. Hata mzoefu wa bahari atahisi mwili mzito kidogo, maana maji yenye chumvi kidogo hayamwinui mtu kama ya bahari. Kina nacho hubadilika: bahari ikijaa na kupwa, maji ya pangoni hufuata kwa kuchelewa na kwa kiasi kidogo. Muulize msimamizi kina cha siku hiyo, na usiruke kwa kichwa.

Usipige mbizi kuingia chini ya mwamba. Ukigusa tope la chini, maji huchafuka papo hapo na mwanga wa kurudia hupotea. Njia uliyoingilia huioni tena. Kaa mahali ambapo ukiinua kichwa unakuta hewa. Baada ya mvua kubwa za masika, maji yakiwa ya rangi ya udongo, ahirisha.

Popo wasimulikwe tochi. Chumba kikavu chenye kinyesi chao usikiingie, kwani vumbi lake linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Ukikuta vitambaa, ubani au vyombo vilivyowekwa kwenye mwamba, hapo ni mzimuni: usiguse, usipige picha bila ruhusa, punguza sauti.

Jiwe la matumbawe likikukwaruza, osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, toa chembe zote, paka dawa ya kuua vijidudu. Usirudi majini nalo. Likiwa refu, nenda kituo cha afya ukaulize na sindano ya pepopunda.

Kutoka Mjini Zanzibar, daladala namba 309 ndiyo ya Jambiani. Shuka karibu na njia ya pango, kisha chukua bodaboda au tembea, na elewana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda. Gari za kurudi mjini hupungua jioni, basi toka pangoni saa tisa, nywele zikaukie njiani.