Namna ya Kutazama Katuni za Kale za Marekani Pamoja na Watoto

Kwa mwalimu au mlezi wa hapa Kisumu anayetaka watoto watambue jinsi watu Weusi walivyochorwa katika katuni za kale za Marekani, ningeshauri asianze kwa hotuba, bali aanze na Tom and Jerry, kwa kuwa wengi wao wanaijua tayari. Chagua kipindi cha kati ya 1940 na 1952 ambamo mtumishi wa nyumbani, mwanamke Mweusi, anaingia na ufagio, kisha uisimamishe picha papo hapo na uwaulize wanaona nini. Watakutajia miguu, viatu, aproni na mikono. Usiwaambie kinachokosekana, endelea kucheza mpaka wagundue wenyewe kwamba uso hauonekani. Msichana mmoja niliyemfundisha alisogea akainama kando ya runinga, akiutafuta uso huo kana kwamba umefichwa pembeni ya kioo.

Hapo ndipo uwaambie kwamba sauti wanayoisikia ni ya Lillian Randolph, mwigizaji Mmarekani Mweusi ambaye jina lake halikuandikwa kwenye filamu hizo. Rudia kipande kilekile wakiwa wamefumba macho, wasikie anavyoipandisha hasira yake hatua kwa hatua. Hatua hii usiiruke kamwe, kwani wengi huulaani mchoro, na ni haki yao, lakini wakamsahau mfanyakazi aliyekuwa nyuma yake. Waeleze pia kwamba katika miaka ya 1960 baadhi ya katuni hizo zilibadilishwa kwa ajili ya televisheni, mtumishi huyo akachorwa upya kuwa mwanamke Mzungu, kisha uwaulize kama kumwondoa kulikuwa kumtendea haki.

Asili ya michoro hiyo ieleze kwa ufupi: katika karne ya 19, Wazungu walijipaka masizi usoni na kuwaigiza watu Weusi jukwaani, na mtindo huo ukaingia katika katuni, kwa mfano katika mhusika Bosko wa 1929. Katuni zinazomwonyesha Mwafrika akiwapika wageni chunguni usiwaonyeshe watoto wadogo. Mwaka 1968 kampuni ya United Artists iliondoa katuni 11 kwenye televisheni kwa sababu ya dharau ya namna hiyo.

Mwishoni, mpe kila mtoto karatasi yenye aproni na ufagio tu, achore uso unaokosekana na kuandika jina atakalompa mama huyo.