Kusimamia Hesabu ya Marejeo ya Kifaa katika Draiva ya Mtandao ya Linux

Ujumbe «unregister_netdevice: waiting for eth0 to become free. Usage count = 2», unaojirudia katika logi ya kerneli takriban kila sekunde 10, kwa kawaida huashiria kwamba kuna msimbo ulioshika rejeo la kifaa (dai linalohesabiwa na kerneli kwamba kifaa bado kinatumika) na haujaliachia.

Hatua ya 1. Amua kwanza kama rejeo linahitajika. Kielekezi cha kifaa kinachotumika ndani ya rcu_read_lock (ulinzi wa usomaji wa muda mfupi) pekee, au wakati kufuli la RTNL (kufuli kuu la usanidi wa mtandao) limeshikwa, hakihitaji kuongezewa hesabu. Kumbuka kwamba dev_get_by_name na dev_get_by_index huongeza hesabu zenyewe, kwa hiyo kila njia ya kutokea, hasa ile ya hitilafu ambayo hujaribiwa kwa nadra, lazima ipitie dev_put, inayoliachia rejeo.

Hatua ya 2. Kielekezi kinachohifadhiwa katika muundo wako wa data kishikwe kwa netdev_hold, na netdevice_tracker yake (kifuatiliaji cha rejeo hilo) ikae ndani ya muundo huohuo. Kiachiwe kwa netdev_put. Chaguo la kujenga kerneli la CONFIG_NET_DEV_REFCNT_TRACKER likiwa limewashwa, kerneli huonyesha mahali marejeo ambayo hayajaachiwa yalipochukuliwa, na hilo pekee linatosha kuhalalisha herufi za ziada.

Hatua ya 3. Kazi zilizoahirishwa, yaani zinazowekwa kwenye foleni ili zitekelezwe baadaye, ndizo chanzo cha uvujaji mwingi wa marejeo. Ikiwa kazi inabeba rejeo lake, lichukue kabla ya kuita schedule_work, kwa sababu kazi inaweza kumalizika kwenye prosesa nyingine kabla hujafika mstari unaofuata. Schedule_work ikirudisha «false», kazi ilikuwa tayari kwenye foleni, nawe unapaswa kuliachia papo hapo rejeo la pili ulilolichukua sasa hivi. Vivyo hivyo, cancel_work_sync ikirudisha «true», kazi iliyoondolewa kwenye foleni haitatekelezwa tena, na wajibu wa kuliachia rejeo lake unakurudia wewe. Hapa tumia dev_hold na dev_put, kwani netdevice_tracker moja haiwezi kubeba marejeo mawili kwa wakati mmoja.

Hatua ya 4. Ukishikilia kifaa cha draiva nyingine, kama draiva za VLAN (mitandao pepe juu ya kifaa kimoja) zinavyofanya, sajili kitendaji kwa register_netdevice_notifier na uachie rejeo tukio la NETDEV_UNREGISTER linapofika.

Hatua ya 5. Katika kuondoa kifaa chako, ita unregister_netdev, kisha free_netdev. Usiguse netdev_priv (data binafsi ya draiva yako) baada ya hapo, kwani data hiyo imo katika kumbukumbu ileile iliyoachiliwa.